Dayodi ya Leza Haipimwi kwa Jicho!

Leo katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia leza. Najua utajiuliza, "Leza na afya wapi na wapi?" Tulia kidogo nikusimulie, kisha utaona mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Likizo ile nilikaa kwa shangazi, na binamu yangu alikuwa fundi wa kompyuta hapo barazani. Kama unavyojua, siku hizi watu wanatumia flashi na simu. Deki za DVD na draivu za kuandikia diski zimejaa kwenye mafungu ya vyuma chakavu, na unazipata kwa bei ya kutupa. Binamu alikuwa amesikia kwamba ndani ya draivu hizo kuna leza yenye nguvu. Akafungua moja, akachomoa vidude viwili vidogo mfano wa punje ya mahindi, kimoja akakitia ndani ya kichwa cha kalamu ya leza iliyokufa, chenye lenzi yake. Akaunganisha betri.

Hakuna kitu. Akasema, "Hii imekufa. Dada, hebu angalia kama unaona chochote huko mbele."

Nikachungulia. Niliona kama chembe ya moshi wa sigara inayowaka kwa mbali, nyekundu hafifu sana. Nikasogea karibu zaidi ili nione vizuri. Haikuniuma. Haikuniwasha. Nilipoinua kichwa niliona doa la kijivu, kama lile unalobaki nalo ukipigwa picha usiku kwa flashi. Nikasema litaondoka.

Kesho yake asubuhi nilifungua kitabu. Kila neno nililolitazama kwa jicho la kushoto lilikuwa halina katikati. Nilienda duka la dawa nikapewa dawa ya matone ya macho. Wiki tatu baadaye ndipo nilipofika kwa daktari wa macho. Aliniambia retina imeungua. Doa lile ninalo mpaka leo, ninapoandika makala hii. Limepungua kidogo, lakini lipo.

Ile dayodi haikuwa imekufa. Ilikuwa inawaka kwa nguvu zake zote, ila mwanga wake ni wa aina ambayo jicho la binadamu karibu halioni. Sisi tulikuwa tunaipima kwa jicho. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, na ndiyo maana nimeandika somo hili.

LEZA NI KITU GANI?

Mwanga wa taa ya kawaida husambaa kila upande na huwa na rangi nyingi zilizochanganyika. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, mawimbi yake yanakwenda kwa mpangilio mmoja, na kwa msaada wa lenzi unaweza kwenda mbali bila kutawanyika sana. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, tarehe 16 Mei 1960. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1962, Robert Hall na wenzake wakatengeneza dayodi ya leza, yaani leza ndogo inayotumia kipande cha kitu kama kile cha transista. Dayodi hizo ndizo zilizowezesha diski za CD kuingia sokoni mwaka 1982, na DVD mwaka 1996.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa urefu wa wimbi, na kipimo chake ni nanomita. Jicho letu huona kuanzia karibu nanomita 400 (zambarau) hadi karibu 700 (nyekundu iliyoiva). Sasa angalia unachoweza kukuta katika vyuma chakavu:

• Ya CD: nanomita 780. Hii ni infraredi. Jicho huiona kwa shida sana au haliioni kabisa.
• Ya DVD: nanomita 650. Hii ni nyekundu ya kawaida.
• Ya Blu-ray: nanomita 405. Hii ni zambarau, na jicho huiona hafifu kuliko nguvu yake halisi.

Draivu ya kuandikia DVD huwa nazo mbili, ya 650 na ya 780, kwa sababu inaandika diski za aina zote mbili. Wakati mwingine zote mbili zimefungwa ndani ya kikopo kimoja. Zikiwa nje ya draivu kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Binamu yangu aliokota ya 780 akidhani ni ya 650.

JICHO LAKO LINAFANYA NINI?

Pengine umewahi kuchoma karatasi kwa kioo cha kukuzia wakati wa jua. Kioo kinakusanya mwanga mpaka unakuwa nukta moja, na nukta hiyo inawasha moto. Basi, jicho lako lina kioo kama hicho ndani yake. Mbele kuna mboni, tundu linalopitisha mwanga. Gizani hufunguka mpaka upana wa karibu milimita 7. Nyuma yake kuna lenzi, na mwisho kabisa kuna retina, utando mwembamba unaopokea picha.

Mwanga wa leza ukiingia, jicho huukusanya kwenye nukta ya upana wa karibu milimita 0.02. Piga hesabu: kutoka milimita 7 hadi 0.02, ukali wa mwanga unaongezeka zaidi ya mara 100,000. Kwa hiyo leza ya miliwati chache tu, ambayo ukiipiga kwenye kiganja husikii hata joto, kwenye retina inakuwa kali kuliko jua la saa sita mchana.

Kuna mambo matatu zaidi unayopaswa kuyajua.

Kwanza, retina haina mishipa ya maumivu. Inaungua kimya kimya. Ukisubiri kusikia uchungu ndipo uache, utakuwa umechelewa.

Pili, retina haioti upya kama ngozi. Ukiungua mkono kwa pasi, ngozi mpya inakuja. Seli za retina zikifa, zimekufa. Tena mara nyingi mwanga hupiga katikati kabisa, sehemu unayotumia kusoma na kutambua sura za watu, kwa sababu ulikuwa unautazama moja kwa moja.

Tatu, jicho lina ulinzi mmoja tu, nao ni kupepesa. Mwanga mkali ukikupiga, ndani ya robo ya sekunde hivi utakuwa umefumba jicho au umegeuza uso. Ulinzi huo unatosha kwa leza isiyozidi miliwati 1. Zaidi ya hapo, robo sekunde ni nyingi mno. Na kwa infraredi ulinzi huo haupo kabisa, maana jicho halijui kama kuna mwanga wa kukimbia. Mimi nilisogea karibu badala ya kukimbia!

Ndiyo maana leza zimegawanywa kwa madaraja. Daraja la 2 ni leza inayoonekana isiyozidi miliwati 1. Daraja la 3R kwa leza zinazoonekana huishia miliwati 5. Daraja la 3B huishia miliwati 500, na hili linaweza kukujeruhi kabla hujapepesa. Juu ya hapo ni daraja la 4, ambalo linachoma hata ngozi na kuwasha moto. Dayodi nyekundu ya draivu ya kuandikia DVD ikipewa umeme wake kamili huangukia daraja la 3B. Hiki siyo kidude cha kuchezea paka.

SOMO LENYEWE: KUPIMA BILA KUTAZAMA

Sasa utasema, "Dada, basi tuache kabisa?" Sikiliza. Ningekuambia uache, wewe ungeniitikia "sawa dada," halafu jioni ungefungua deki. Mimi nataka ujue njia ambayo fundi makini anaitumia. Kanuni yake ni moja: mwanga unapimwa na mita, wala siyo jicho. Na kama upo shuleni, fanya na mwalimu wa fizikia au fundi mzoefu, usijifungie chumbani peke yako.

Somo hili ni la dayodi nyekundu peke yake. Ukigundua ni infraredi, iache.

Unachohitaji:

1. Sanduku dogo la mbao lenye kifuniko kinachobana. Ndani lipake rangi nyeusi isiyong'aa.
2. Kipaneli cha sola kutoka kwenye tochi au taa ndogo iliyoharibika.
3. Mita mbili za fundi. Ya pili azima kwa jirani.
4. IC inayoitwa LM317, rezista ya omu 15, rezista ya omu 1, volyumu ya omu 100, na kapasita ya mikrofaradi 10.
5. Dayodi nne za kawaida, 1N4001.
6. Betri 6 za tochi ndani ya kibebeo, jumla volti 9.
7. Waya mwembamba wa shaba usio na ganda.

Kwa nini usiunganishe betri moja kwa moja? Kwa sababu dayodi ya leza haijui kujizuia. Ukiipa nafasi itavuta umeme mpaka ijiue, tena ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa. Inahitaji mlinzi wa kuipimia mkondo, na mlinzi huyo ni LM317. Unganisha hivi: chanya ya betri iende mguu wa kuingilia. Kutoka mguu wa kutokea weka rezista ya omu 15, kisha volyumu. Mwisho wa volyumu urudi kwenye mguu wa kurekebisha, na hapo hapo ndipo umeme unapotoka kwenda chanya ya leza. Kutoka hasi ya leza weka rezista ya omu 1, kisha hasi ya betri. Kapasita iwe sambamba na leza, chanya kwa chanya. Dayodi moja ya kawaida nayo iwe sambamba na leza lakini imegeuzwa kinyume. Huyu ni askari wa akiba: ukikosea kuunganisha, umeme utapita kwake badala ya kuua leza.

Hesabu yake ni rahisi. Gawa 1.25 kwa jumla ya omu. Volyumu ikiwa mwisho wa juu, omu 115, unapata karibu miliampia 11. Ikiwa mwisho wa chini, omu 15, unapata karibu miliampia 83. Kwenye rezista ya omu 1 kila milivolti 1 utakayosoma ni sawa na miliampia 1, kwa hiyo huhitaji kukata waya popote ili upime mkondo.

Hatua kwa hatua:

Hatua ya 1. Jaribu mtambo kwa leza ya uongo. Badala ya leza, weka dayodi tatu za kawaida zilizofuatana. Zinameza umeme kwa kiasi kinachokaribia leza nyekundu. Zungusha volyumu taratibu. Je, milivolti zinapanda na kushuka vizuri? Kama zinarukaruka, volyumu ni mbovu. Tafuta nyingine kabla hujaharibu leza ya kweli.

Hatua ya 2. Jihadhari na umeme tuli. Ule umeme unaokushtua ukivua sweta unatosha kabisa kuua dayodi ya leza, na wewe usihisi chochote. Usivae nailoni wala sufu. Gusa kwanza chuma kilichofungwa ardhini. Kabla hujaitoa dayodi kwenye draivu, zungushia miguu yake mitatu ule waya wa shaba ili yote iwe kitu kimoja. Ukichomelea kwa risasi, usikae zaidi ya sekunde tatu kwenye mguu mmoja. Halafu nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

Hatua ya 3. Toa betri. Gusanisha ncha mbili za kapasita kwa waya ili imalize umeme uliobaki. Watu wengi huua dayodi hapa: kapasita iliyojaa inamwaga umeme wote mara moja.

Hatua ya 4. Funga dayodi ndani ya sanduku bila lenzi yoyote, ikitazamana na kipaneli cha sola kwa umbali wa sentimita mbili au tatu. Toa waya nje kupitia vitundu vidogo na uvizibe. Ondoa waya wa shaba mwishoni kabisa. FUNGA KIFUNIKO. Usiku zima taa, chungulia kwa tochi kutoka nje kama kuna upenyo, na uuzibe kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5. Mita ya kwanza iweke kwenye rezista ya omu 1. Ya pili iweke kwenye waya za kipaneli, ikisoma miliampia. Weka volyumu mwisho wa juu, yaani mkondo mdogo kabisa. Sasa ndipo unaunganisha betri. Kumbuka wimbo wetu: sanduku kwanza, betri baadaye. Na wakati wa kufungua ni kinyume: betri itoke kwanza, sanduku lifuate.

Hatua ya 6. Hamisha mita ya kwanza upime volti za leza yenyewe. Zikiwa karibu 0.7, umekosea chanya na hasi, yule askari wa akiba ndiye anayefanya kazi. Mpangilio wa miguu mitatu haufanani kwa dayodi zote, kwa hiyo toa betri ujaribu upya. Zikiwa juu ya 2, huenda ni nyekundu. Zikiwa chini ya 2, kwa mfano 1.6 au 1.7, ni infraredi. Hapo simama. Toa betri, ibandike karatasi iliyoandikwa "780, HATARI", uiweke kando.

Hatua ya 7. Rudisha mita kwenye rezista ya omu 1. Ongeza mkondo kidogo kidogo, na kila mara andika namba mbili kwenye daftari: mkondo wa leza na mkondo wa kipaneli. Usizidishe dakika moja kwa mfululizo, maana dayodi haina chuma cha kupoza na ikipata joto majibu hubadilika.

KUSOMA MAJIBU

Dayodi ya leza ina tabia ya pekee. Ukiipa umeme mdogo, inatoa mwanga hafifu kama taa ndogo ya rimoti. Ukifika kiwango fulani, ghafla inaanza kuwa leza, na mwanga unapaa. Kiwango hicho kinaitwa mkondo wa kizingiti. Ni kama mlango: ukiwa nje ya kizingiti hakuna kitu, ukikivuka umeingia ndani.

Tuseme daftari lako linasoma hivi:

Leza miliampia 20, kipaneli 0.02
Leza miliampia 30, kipaneli 0.04
Leza miliampia 40, kipaneli 0.07
Leza miliampia 46, kipaneli 0.10
Leza miliampia 48, kipaneli 0.6
Leza miliampia 50, kipaneli 1.3

Umeona? Kutoka 20 hadi 46 ni kutambaa tu. Kutoka 46 hadi 48 ni kuruka. Kizingiti kipo hapo katikati. Chora grafu, utaona mstari umepinda kama kiwiko. Dayodi hii ni nzima. Umeshapata jibu, SIMAMA HAPO. Toa betri.

Majibu mengine yapo matatu:

• Mkondo ni sifuri na volti zimepanda mpaka karibu na za betri: dayodi imekatika ndani, au umeshika mguu usio wake.
• Mkondo upo lakini volti zipo karibu na sifuri: imepiga shoti. Kwanza hakikisha hukusahau ule waya wa shaba.
• Volti ni za kawaida, kipaneli kinapanda taratibu bila kiwiko chochote mpaka miliampia 80: kioo chake cha ndani kimeungua. Imebaki taa tu, siyo leza tena. Mara nyingi ni kazi ya umeme tuli au umeme uliozidi.

Sasa sikiliza kwa makini jambo hili. Ukishavuka kizingiti, dayodi nyekundu ya kuandikia hutoa takriban miliwati 1 kwa kila miliampia 1 unayoongeza. Yaani miliampia moja tu juu ya kizingiti, tayari umefika mpaka wa daraja la 2. Miliampia tano, umefika mwisho wa 3R. Kwenye volyumu hiyo ni kugusa tu kwa kidole! Ndiyo maana nasema, hakuna "nitaiwasha kidogo nione".

MIWANI JE?

Miwani ya jua HAIKUKINGI. Tena inaweza kukuzidishia, kwa sababu nyuma ya kioo cheusi mboni inafunguka zaidi. Miwani ya kuchomelea geti na kioo cha picha ya eksirei navyo havikutengenezwa kwa kazi hii.

Miwani halisi ya leza huwa imeandikwa namba ya mawimbi inayozuia na kiwango cha kuzuia. Kiwango cha 4 maana yake inapitisha sehemu moja tu katika 10,000. Lakini miwani ya leza ya kijani au zambarau, ile yenye kioo chekundu, inaiachia leza nyekundu ipite kama vile hakuna kitu. Kwa hiyo soma namba: kama 650 haimo, siyo yako. Na hata ukiwa nayo, sanduku linabaki palepale. Miwani ni mkanda wa gari, nao hautoi ruhusa ya kugonga ukuta.

MASWALI AMBAYO VIJANA HUULIZA

Swali: Naweza kutumia kamera ya simu kuona kama infraredi inawaka?
Jibu: Kamera nyingi huiona kama mwanga wa zambarau au mweupe. Ijaribu kwanza kwa rimoti ya TV. Lakini simu nyingine zina kichujio cha kuzuia infraredi, hivyo zikikuonyesha giza haina maana kwamba leza imezima. Pia leza inaweza kuunguza kamera yenyewe. Usiitegemee.

Swali: Kalamu za leza za dukani zimeandikwa "chini ya miliwati 5". Si salama hizo?
Jibu: Maandishi ni kitu kimoja, ukweli ni kingine. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani iitwayo NIST ilitoa matokeo ya kupima kalamu 122. Karibu asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 ya nyekundu hazikutimiza masharti ya usalama. Nyingine za kijani humwaga na infraredi usiyoiona. Usimmulike mtu, dereva wala ndege, hata kwa utani.

Swali: Nataka kutengeneza king'ora cha mlango kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Nitumie dayodi niliyoiokoa?
Jibu: Hapana. Kwa king'ora au kupeleka sauti kwa mwanga, nunua moduli ndogo ya daraja la 2, ifunge isisogee, chini ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na mwisho wa njia yake weka kitu cheusi kisichong'aa. Dayodi ya draivu ibaki kwenye sanduku kama somo.

UKIPIGWA NA LEZA MACHONI

Ondoka kwenye mwanga mara moja. Usisugue jicho. Usitie maziwa, asali wala matone ya duka la dawa, hayafiki kwenye retina.

Jipime kwa karatasi. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, ugawe kwa mistari kila nusu sentimita, weka nukta katikati. Ushike umbali wa sentimita 30. Ziba jicho moja, tazama nukta. Kisha jicho la pili. Kama mistari imepinda, imekatika, au kuna sehemu haipo, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Hata mistari ikiwa sawa, kama doa halijaondoka baada ya saa chache, nenda. Hospitali kama Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina madaktari wa macho, na hospitali yako ya wilaya inaweza kukupa rufaa. Waambie wazi ilikuwa leza, ya rangi gani, na kwa muda gani. Usione haya. Mimi niliona haya kumwambia shangazi, nikapoteza wiki tatu.

Nikuambie ukweli: hakuna dawa inayohakikisha kurudisha retina iliyoungua. Wengine hupata nafuu kiasi baada ya miezi, wengine hubaki na doa maisha yote. Lakini daktari anaweza kuona kama kuna damu au tundu ndani ya jicho, mambo ambayo mengine yanatibika yakiwahiwa.

JIPIME MWENYEWE

1. Umeunganisha dayodi, volti ni 1.7, na huoni mwanga wowote. Je, imekufa?
2. Kipi kinatangulia, betri au kifuniko cha sanduku?
3. Kipaneli kinapanda taratibu bila kiwiko mpaka miliampia 80. Dayodi ina shida gani?
4. Rafiki yako ana miwani ya leza yenye kioo chekundu. Inamfaa kwa leza ya 650?

Majibu: 1. Hapana, yawezekana ni infraredi na inawaka. Toa betri. 2. Kifuniko. 3. Imeungua, imebaki taa tu. 4. Haimfai, kioo chekundu kinapitisha mwanga mwekundu.

Binamu yangu bado ni fundi, na sasa ana sanduku jeusi la mbao juu ya meza yake. Vijana wa mtaani wakileta draivu mbovu wanataka "leza ya kuchoma kiberiti", huwaonyesha kiwiko kwenye grafu, kisha huniita nije niwachoree doa ninaloliona. Nikichora wananyamaza. Mmoja aliniuliza, "Dada, lakini si una jicho la pili?" Nikamjibu, ndiyo ninalo, na hilo moja ndilo ninalolilinda sasa.

Kumbuka, kijana: draivu mbovu zipo tele, macho unayo mawili tu. Mwachie mita kazi ya kutazama!